Mbuzi wa Jumanne

"Mtu akichelewa mara moja ni gari. Akichelewa mara ya pili ni kazi. Akichelewa mara ya tatu, hiyo ni tabia."

Shemeji Muriuki alisema hayo akiitazama saa ya ukutani, lakini Mbula alijua maneno hayakuwa ya saa. Akachukua kitambaa akapangusa meza ya jikoni ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Keti basi," dada yake Mwikali alimwambia. "Utaitoboa hiyo meza."

"Nimeketi wiki nzima."

Uongo. Nesi wa nyumba ya wazee haketi, hasa mwaka huo wa korona, mwaka wa gauni za plastiki na barakoa zilizoacha alama puani. Lakini Mbula hakuwa na hamu ya kuketi. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya bajeti kusomwa, pilau ilikuwa mezani imefunikwa kwa foili, na mchumba wake Moïse, Mkongo, alikuwa hajafika kwa kina Mwikali, Ingleburn, pembezoni mwa Sydney. Jacky, binti ya Mbula wa miaka tisa, alishakula na kujitupa kwenye kochi na tableti yake. Simu ya Mwikali ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwamo Mama, Machakos, bado na kitambaa chake cha kulalia kichwani kwa sababu kwao ndiyo kwanza kumekucha.

"Amefika?" Mama aliuliza.

"Bado, Mama."

"Mimi naenda kanisani. Sitamngoja mtu mpaka Yesu arudi."

Mlango ukabishwa. Mbula alimjua kwa ule ubishaji wake wa taratibu, kama mtu anayeuomba mlango radhi. Alienda kufungua haraka kuliko alivyokusudia.

Moïse alikuwa amesimama pale na sare ya duka, ile ya supermaketi ya Auburn, beji ya jina bado kifuani. Mkononi alishika mfuko wa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, lakini yalipomwona Mbula yalifanya kile ambacho yamekuwa yakifanya tangu Machi: yalitulia. Mwanamke aliyeachwa akajua kuachwa anaona macho kama hayo na anataka kukimbia, na miguu inakataa.

"Umechelewa," alimwambia.

"Najua. Umependeza."

"Usinibembeleze mlangoni. Ingia."

Walijuana wakati Sydney nzima ilipogombania karatasi za chooni. Mbula alikuwa amesimama mbele ya rafu tupu akilaani kwa Kiswahili, na mfanyakazi mmoja mrefu akamwambia nyuma yake, "Dada, karatasi imekwisha, lakini maji hayajakwisha." Mbula alicheka mpaka watu wakasogea mbali, maana siku hizo hata kicheko kilidhaniwa kina virusi. Tangu hapo kila Jumamosi walitembea kwenye bustani ya Auburn, mita moja na nusu kati yao kama sheria ilivyotaka, wakisemezana kwa sauti ya juu mambo ambayo wapenzi wengine hunong'onezana. Halafu baridi ilipoingia Jumamosi zikakatika. Moïse alisema amechoka. Maua ya micheri ya Kijapani waliyoahidiana kuyaona Agosti yalichanua na kupukutika, na Mbula aliyaona peke yake, na mtoto aliyetaka aiskrimu.

"Pole, beau-frère. Pole, dada," Moïse aliwasalimu shemeji na dada waliokuwa mezani, kisha akainamia kopo la sukari. "Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka mapema kuliko wewe," Mama akajibu.

Muriuki akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya, Muriuki. Alikuwa mhasibu, na wahasibu wa Ingleburn wana yadi nzuri na maoni mengi. "Karibu, bwana. Tulidhani umehamia huko dukani."

"Watu walikuwa wengi. Bosi akaniomba nibakie."

"Na huwezi kumwambia hapana?"

"Naweza. Mara moja tu. Mara ya pili jina langu halitakuwa kwa rosta ya zamu."

"Ndiyo maana mimi hii bajeti naipenda," Muriuki alisema, akijipakulia. "Kodi imeshuka. Mwenye kujituma anabaki na jasho lake."

"Yako imeshuka, beau-frère. Ya Mbula pia. Yangu imeshuka kidogo, kama unyoya. Kitu kilichoshuka sana kwangu ni Jumapili."

"Ah, hiyo nyongeza ya malipo ya Jumapili? Hiyo lazima ingeshuka. Wenye maduka wanaumia, watafungua na nini?"

"Walisema wakipunguza wataandika watu wengine. Mimi sijawaona hao watu. Niko natumika kazi peke yangu kwa safu tatu."

"Lakini fikiria, ndugu yangu. Jumapili ina nini hapa? Mzungu haendi kanisani. Treni zinatembea, maduka yako wazi. Rafu ni ileile, boksi ni lilelile. Jumapili ni siku kama siku nyingine."

Moïse alitafuna polepole. "Boksi halijui," alisema. "Mgongo unajua."

Mbula alikuwa akitazama mikono yake. Kwenye kidole gumba palikuwa na jeraha la kikatio cha maboksi, limefungwa kwa plasta ya kitoto yenye vikaragosi. Alitaka kuuliza nani amemfunga hivyo. Hakuuliza. Alijua na kitu kingine: Jumapili za manesi hazikuguswa. Akienda yeye kazini Jumapili, bado ni Jumapili.

"Tuache bajeti," Mwikali alisema. "Tuzungumze mbuzi."

Mezani watu wakanyooka. Kwa Wakamba mwanamke si mke wa mtu mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Pete ni pambo, cheti ni karatasi, kanisa ni baraka. Mbuzi ndiyo ndoa. Baba yake Jacky alikuja kwao siku moja na suti ya kijivu na maneno matamu, akasema mbuzi wako njiani. Mpaka leo wako njiani. Yeye mwenyewe alikwenda Perth kutafuta kazi ya migodi akapata mke.

Kwa hiyo safari hii Mama hakutaka ahadi. Kwa kuwa Ingleburn huwezi kuchinja uani bila jirani kuita polisi, walikubaliana mbuzi watatu wazima kutoka kwa mchinjaji wa halali kule Auburn.

"Na vichwa nivione," Mama alisema kutoka kwenye simu. "Siletewi nyama ya mfuko."

"Utaviona, Mama," Moïse alisema.

"Basi ni Jumapili ile nyingine, baada ya kanisa," Mwikali akasema. "Nimeshaongea na kina mama, wataleta chapati."

Moïse aliweka kijiko chini.

"Jumanne haiwezekani?"

Hata Jacky aliinua kichwa.

"Jumanne?" Mama aliusogeza uso mpaka simu ikajaa pua. "Huyu amesema Jumanne?"

"Jumanne niko huru, Mama. Shangazi yangu, Tantine Marie-Jeanne, pia, na yeye ndiye msemaji wetu, mimi siwezi kujisemea. Tena yule mchinjaji, mbuzi wapya wanamfikia Jumanne asubuhi."

Muriuki alicheka, na hakucheka kidogo. "Bwana, Jumanne ni siku ya takataka mtaa huu! Utapitisha mbuzi wako kati ya mapipa?"

"Muriuki," Mwikali alimkanya, lakini naye alikuwa anauma mdomo.

Mama hakucheka. "Kijana, mwanamume asiyeweza kumpa binti yangu Jumapili moja, atampa nini? Mungu hapewi Jumapili, mimi sipewi Jumapili. Nani anayepewa?"

Moïse aliiacha simu. Alimtazama Mbula. Hakuwa anaomba kitu kikubwa. Alikuwa anaomba neno moja. Mbula, ambaye kazini aliwajibu madaktari bila kupepesa, alitazama foili ya pilau.

"Asanteni kwa chakula," Moïse alisema, akainuka. "Pilau mmeitia pilipili nzuri."

Mbula alimkuta nje akitafuta ufunguo wa gari kwenye mifuko ileile mara mbili mbili.

"Unaondoka hivyo?"

"Niondokeje? Nicheze?"

"Ungeomba ruhusa siku moja, Moïse. Siku moja! Watu wanaomba ruhusa ya meno."

"Mwezi ujao bosi anachagua watu wa kuandikwa kazi ya kudumu. Tuko wengi. Yule anayekataa Jumapili anajulikana." Alipata ufunguo, hakufungua mlango. "Nataka nikuoe niko na kazi, si niko na rosta."

"Na mimi sitaki kuolewa kati ya mapipa ya takataka, kwenye nafasi ambayo duka halikuitaka. Mimi si shifti ya kubadilishana."

"Nani amesema wewe ni shifti?"

"Wewe! Jumamosi ulizimaliza. Ulisema umechoka."

"Nilikuwa nimechoka."

"Mimi nilidhani umenichoka mimi!"

Maneno hayo yalitoka bila kuombwa. Jirani aliyekuwa anamwagilia maua alizima mpira wa maji ili asikie vizuri, na ilikuwa bahati tu kwamba hakujua lugha.

Moïse aliegemea gari. "Unajua Jumamosi zetu zilikwenda wapi, Mbula? Mwezi wa saba walipokata Jumapili, haikutosha tena. Nikaomba Jumamosi. Sasa natumika Jumamosi na Jumapili kupata kile nilichokuwa napata Jumapili peke yake. Ghala siku za katikati, duka mwisho wa wiki. Jumamosi yetu ndiyo ilijaza lile pengo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Yako haijaguswa. Ungetaka kunisaidia."

"Kwani kusaidiwa ni ugonjwa?"

"Kwa mwanaume anayetafuta mbuzi, ndiyo."

Hapo angeweza kumshika mkono. Hapakuwa na sheria ya kumzuia tena. Mita moja na nusu waliiacha zamani, jikoni kwake, usiku mmoja wa mvua. Lakini Mbula alikuwa mtu ambaye akiumia ulimi hutangulia moyo.

"Kama Jumapili haiwezekani," alisema, "usije kabisa."

Moïse akaufungua mlango wa gari. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia.

"Bon. Nimesikia."

Gari likakunja kona pale kwenye mapipa ya jirani. Mbula akarudi ndani, akafunua pilau, akaifunika tena.

Wiki hiyo hakulala usingizi wa kueleweka. Kazini aliwageuza wazee vitandani, akawafungulia simu wawaone watoto wao, akamsikiliza Bi Doreen wa chumba cha mwisho akimwita kwa jina la binti yake. Nyumbani alipiga deki. Alifua mapazia. Alimwandikia Moïse, akafuta. Aliandika tena, "Umekula?" akafuta na hilo.

"Mum, you already mopped," Jacky alimwambia.

"Nyanyua miguu."

"Is Moïse coming or not?"

"Nyanyua miguu, nimesema."

Jacky akanyanyua miguu. "He did my plaster thing," alisema baadaye, kama mtu anayesemea tableti. "I gave him mine. For his thumb. He said it was the best one."

Mbula akaacha kupiga deki. Kumbe ile plasta ya vikaragosi ilikuwa ya Jacky. Alikuwa ameuliza maswali mengi mwaka huo, kila mtu alipimwa joto na kuulizwa amekutana na nani na amepita wapi. Lakini hakuwahi kumuuliza mwanaume wake Jumamosi zake zimekwenda wapi. Alikisia, akakasirikia alichokisia.

Ijumaa jioni Mwikali alipiga simu ya video ya familia. Mama alikuwa amevaa vizuri, kilemba cha kijani, tayari kwa hukumu. Muriuki alikuwa nyuma ya Mwikali na kikombe cha chai.

"Ulifanya vyema," Mama alisema. "Usilie. Mwanaume ni kama basi."

"Silii, Mama."

"Mimi pia naona ulifanya vyema," Muriuki akaongeza. "Mtu lazima ajue vipaumbele. Jumapili ni siku ya familia. Ni siku ya Mungu. Huwezi kuichukulia kama siku nyingine."

Mbula alikuwa anakunja nguo. Akaiweka chini ile aliyoishika.

"Rudia hapo, shemeji."

"Wapi?"

"Hapo pa Jumapili."

Muriuki akanywa chai. Mhasibu anajua hesabu inapokataa kukaa sawa.

"Juzi mezani ulimwambia Moïse Jumapili ni siku kama siku nyingine. Wakiikata ni ya kawaida. Yeye akisema basi niwaletee mbuzi siku ya kawaida, Jumapili inakuwa takatifu. Chagua moja, shemeji. Huwezi kumnyang'anya mtu Jumapili mkono huu, halafu umdai ileile kwa mkono wa pili."

"Sasa, Mbula, ule ulikuwa mjadala wa uchumi…"

"Na huu ni wa mbuzi. Uchumi ndio huohuo."

Mwikali alicheka kwanza, akafunika mdomo, akashindwa.

"Tena hiyo bajeti unayoipenda," Mbula aliendelea, maana akishaanza hakuwa na breki, "ilisomwa siku gani? Jumanne. Kila mwaka serikali ya nchi hii ikitaka kusema jambo zito husema Jumanne. Ikiwa Jumanne inawatosha kugawa hela za taifa, itawatosha mbuzi watatu."

"Na mimi je?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua chumvi. "Mimi nitawaambia nini watu wa kanisa? Kwamba binti yangu ameolewa siku ya kazi?"

"Mama. Yule wa Perth alikuja siku gani?"

Jogoo akawika Machakos, saa zisizo zake.

"Jumapili," Mama alisema.

"Na suti."

"Na suti."

"Na mbuzi wake?"

Mama alirekebisha kilemba. Akatazama pembeni, akatazama simu, akakohoa kile kikohozi cha wazee ambacho si ugonjwa bali ni daraja.

"Huyu wa Jumanne," alisema, "vichwa nitaviona?"

"Utaviona, Mama."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Basi hata Jumanne ina jua."

Muriuki alisafisha koo. "Na mapipa?"

"Utayarudisha ndani mapema, shemeji," Mbula alimwambia. "Wewe ni mtu wa kujituma."

Lakini familia kukubali ni nusu ya safari. Alikuwa amemwambia mtu usije, na yule mtu hakuwa wa kuambiwa mara mbili. Jumamosi alimpigia, simu iliita mpaka ikachoka. Dukani simu zilikaa kabatini. Usiku alimpigia tena, ikiwa imezimwa.

Jumapili asubuhi alimpeleka Jacky kwa Mwikali aende naye kanisani, kisha yeye akageuza gari kuelekea Auburn.

Supermaketi ilijaa. Watu walisimama juu ya duara zilizobandikwa sakafuni, kila mmoja kwenye kisiwa chake. Moïse alikuwa kaunta ya nne, nyuma ya kile kioo cha plastiki, barakoa mpaka juu ya pua. Kaunta ya kwanza haikuwa na mtu. Mbula alipanga foleni ya nne.

Mbele yake palikuwa na mzee mwenye makopo ya paka na msichana mwenye keki. Alijipanga maneno. Yalikuwa mazuri sana mpaka msichana mwenye keki alipoondoka.

Moïse aliinua macho. Hayakutulia. Yalisimama tu.

"Unahitaji mfuko?" aliuliza, kama anavyowauliza wote.

"Nina wangu."

Alipitisha chumvi. Alipitisha ndimu. Aliuinua mfuko wa mkaa kwa mikono miwili, na wa pili, na wa tatu.

"Mkaa ni mwingi," alisema.

"Nyama ni nyingi. Mbuzi watatu si mchezo."

Mkono wake ukasimama juu ya mashine. Ile plasta ya Jacky ilikuwa imebanduka kona.

"Mbuzi wa lini?"

"Wa Jumanne."

"Uliniambia nisije."

"Nilikuambia ujinga. Nilikuwa nimeumia nikataka na wewe uumie. Sikukuuliza Jumamosi zimekwenda wapi, nikakisia." Nyuma yake mwanamke mwenye troli akakohoa, na watu wote wakarudi nyuma hatua moja, jambo lililomsaidia kusema yaliyobaki. "Nimeomba kazini wabadilishe rosta yangu. Kuanzia mwezi ujao na mimi natumika Jumapili. Yangu haijaguswa, acha iingie nyumbani kwetu. Huo si msaada, usianze. Hiyo ni akili. Na Jumanne nitakuwa huru."

"Jumanne," Moïse alisema.

"Kila Jumanne. Bustani ya Auburn haijui ni siku gani."

Juu ya barakoa macho yake yakaanza kufanya lile jambo lao, polepole, kama maji ya sufuria yanapotulia baada ya kuondolewa motoni. Alichukua ndimu moja iliyokuwa imebingiria pembeni. Chini ya kile kioo paliachwa nafasi ndogo ya kupitishia vitu. Akaipitisha hapo, na vidole vyake havikurudi; Mbula akavishika.

"Mama yako je?"

"Anataka vichwa."

"Nitamletea na masikio yamesafishwa."

"Na msemaji wako asiongee sana."

"Tantine Marie-Jeanne? Hilo siwezi kuahidi."

Mbula alicheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikapata ukungu, akamwona Moïse kama mtu aliyesimama mvuani. Hakuitoa mikono yake kuipangusa.

Nyuma yao mwanamke wa troli aliuliza kwa sauti kama kuna kaunta nyingine iliyo wazi. Ilikuwapo. Hakuna aliyemjibu.